Nyumba imekwisha, mbona furaha haikukaa?

"Mie ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 46, mume na watoto watatu. Kwa miaka tisa tumejenga kidogo kidogo huko Kange: mkopo wa benki, kikoba, mwaka huu tofali, mwaka ujao kupaua. Tulikuwa tumepanga Makorora, ua mmoja na wenzetu. Kila nilipochoka nilijiambia, tukihamia nitapumzika, nitafurahi. Tukahamia Ramadhani ya mwaka jana. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku nawasha taa nitazame dari tu. Sasa hata siioni. Nyumba ni nzuri, ila huku hakuna anayepiga hodi, kila mtu na geti lake, na majirani wamejenga makubwa kutushinda. Mama yangu alifariki miezi minne kabla hatujahama, hakuiona. Siku hizi naamka saa kumi usiku na usingizi haurudi. Ijumaa nilipenda kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sasa napika ili watu wale, basi. Ustadhi mmoja ameniambia nina upungufu wa shukrani. Kwenye simu naletewa video zinasema furaha ni uamuzi. Shoga yangu anauza samaki Deep Sea, hana nyumba, hana mume, na anacheka kutwa. Naomba nijue: yupo binadamu mwenye furaha ya kweli inayodumu, au tunadanganyana? Na je, nipangishe nyumba nirudi Makorora?"

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa mama. Naanzia hapo kwa sababu umemtaja kwa sentensi moja ukapita, na mimi nadhani ana sehemu kubwa katika jibu lako kuliko dari na mageti. Nitamrudia.

Umeniuliza swali la binadamu wote na swali la kupangisha nyumba. Katikati yake nasikia la tatu ambalo hukuliandika: je, nina kasoro gani? Mtu akipata alichokihangaikia miaka tisa na moyo ukabaki mzito, hujiona mkosaji mbele ya Mungu na mbele ya waliokosa. Hilo ndilo ningependa likutoke kwanza, kwa sababu yaliyokupata na ile dari humpata karibu kila mtu mwenye ubongo mzima.

Kama umewahi kuwapeleka wanafunzi mapango ya Amboni, unajua mlangoni kunakuwa giza totoro, kisha baada ya dakika chache mtu anaanza kuona kuta. Mkitoka, jua linachoma macho, na muda si mrefu limekuwa jua la kawaida. Jicho linatupasha habari za mabadiliko ya mwanga zaidi kuliko wingi wake. Hisia zetu zina tabia hiyo hiyo. Zinatuambia hali imepanda au imeshuka kulinganisha na tuliyoizoea, na tukishaizoea hali mpya zinatulia. Ukihamia nyumba yako mwenyewe, hisia zinapiga kelele kwa wiki au miezi. Kisha nyumba inageuka kuwa mahali unapoishi, na zinanyamaza.

Ndani ya ubongo jambo hili limechunguzwa kwa karibu. Wolfram Schultz na wenzake walipima seli zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari nayo, kwenye ubongo wa nyani. Nyani akipewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli zile zilichangamka. Alipozoea kwamba kuna ishara inayotangulia maji hayo, seli zilichangamka kwa ishara, na maji yenyewe yalipofika hazikufanya chochote cha ziada. Ishara ikitokea na maji yasije, zilishuka chini ya kiwango cha kawaida. Seli hizi, kwa maneno mengine, zinafuatilia tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Na mtafiti mwingine, Kent Berridge, ameonyesha kwa miaka mingi ya kazi kwamba mifumo ya ubongo inayotufanya tukitake kitu ni tofauti na ile inayotufanya tukifurahie. Mtu anaweza kukitaka kitu kwa nguvu zote, akakipata, na raha yake ikawa ndogo kuliko ule uchu.

Sasa itazame miaka yako tisa kwa jicho hilo. Siku msingi ulipojazwa kifusi, siku fundi alipomaliza lenta, siku mabati yalipopanda na mkasimama chini mkitazama juu, kila moja ilikuwa ni habari mpya kwamba mambo yanakwenda. Furaha ya nyumba hiyo umekuwa ukilipwa kwa vipande kwa miaka tisa, na sehemu kubwa uliishalipwa kabla hujageuza ufunguo. Ulipohamia kilibaki kipande cha mwisho, na pamoja nacho likaondoka jambo ambalo lilikuwa linakupa sababu ya kuamka na hesabu za kufanya. Watu wengi waliomaliza kujenga, waliomaliza shahada, hata waliorudi kutoka hija, wamenieleza utupu huu, na karibu wote walidhani ni wao peke yao.

Kwa hiyo kama furaha ya kweli inayodumu maana yake ni ule mchangamko wa wiki za mwanzo uendelee bila kukatika, jibu langu ni hapana. Sijui mwanadamu aliyenao, na mwili wetu haukuumbwa hivyo. Kiumbe aliyeshibishwa na mlo wa leo kwa mwezi mzima asingekwenda kutafuta wa kesho.

Lakini hilo si swali lote. Ukimuuliza mtu "jana ulicheka, ulikasirika, uliona huzuni?" unapata jibu moja. Ukimuuliza "ukiyatazama maisha yako yote, yako wapi?" unapata jingine, na majibu haya mawili huachana mara nyingi. Ripoti ya kila mwaka ya furaha duniani, iliyoanza mwaka 2012, hutumia swali la pili: mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye daraja 0 hadi 10, juu kabisa kuna maisha bora anayoweza kuyafikiria, chini kabisa maisha mabaya kupita yote, aseme amesimama wapi. Finland imeongoza tangu 2018. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa karibu na mkiani, na kila ripoti ikitoka watu wetu huudhika: mbona sisi tunacheka, tunacheza ngoma, tunazikana na kuozana? Wako sahihi kuhusu kucheka. Ripoti nayo iko sahihi kuhusu kile ilichouliza, kwa sababu mtu anayehangaika na ada, maji na hospitali atajiweka daraja la chini hata kama jana yake alikuwa harusini.

Na katika hilo la pili, la mtu kuyatazama maisha yake na kuyaridhia, kudumu kunawezekana. Si kwa wote na si bila kutikisika. Ed Diener, aliyetumia maisha yake kupima mambo haya, alisisitiza pamoja na wenzake kwamba watu wengi katika nchi nyingi hujiweka juu ya katikati, na kwamba kiwango cha mtu kinaweza kupanda au kushuka na kikakaa huko kwa miaka. Hapo ndipo ningependa tuzungumzie, kwa sababu hapo kuna la kufanya.

Video za simu nazo ziguswe. Kusema "furaha ni uamuzi" ni kuwatwisha lawama wanaoumia. Mwaka 1996 David Lykken na Auke Tellegen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha utafiti juu ya mapacha: waliotokana na yai moja walikaribiana sana katika kiwango cha furaha, hata waliolelewa mbalimbali, kuliko mapacha wasiofanana. Tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu, pengine kama nusu hivi, inahusiana na urithi. Kwa hiyo shoga yako wa Deep Sea huenda alizaliwa na moyo mwepesi, nawe ukazaliwa na moyo unaochukua mambo kwa uzito, na hakuna aliyeamua. Ila usilibebe hilo kama hukumu. Lykken na mwenzake waliandika wakati ule kwamba kujaribu kuongeza furaha huenda ni bure sawa na kujaribu kuongeza kimo, na Lykken mwenyewe baadaye aliikana kauli hiyo. Urithi unaeleza kwa nini watu kumi darasani wanatofautiana. Haukuambii wewe mwakani utakuwaje.

Iko hadithi nyingine inayozunguka sana, kwamba waliopata bahati nasibu na waliopooza kwa ajali huishia na furaha sawa. Inatokana na utafiti mdogo wa mwaka 1978 huko Marekani, washindi 22 na waliopooza 29. Kweli, washindi hawakuwazidi majirani zao kwa furaha, na vitu vidogo vya kila siku viliwapa raha ndogo zaidi. Lakini waliopooza walijipima chini ya wengine, ingawa bado juu ya katikati, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Hawakuwa sawa. Nalitaja kwa sababu hadithi ile imewafanya watu waamini kwamba binadamu huzoea kila kitu, kwa hiyo hakuna haja ya kubadili lolote. Ujerumani wamekuwa wakiwafuata watu wale wale mwaka hadi mwaka tangu 1984, na picha inayotoka humo ina rangi nyingi. Ndoa hupandisha furaha, na kwa wastani baada ya miaka kama miwili mtu hurudi alipokuwa. Kufiwa na mwenzi huchukua kwa wastani miaka 7 au 8 kupona. Kupoteza kazi huacha alama hata baada ya kupata kazi nyingine. Ulemavu mkubwa watu huuzoea kidogo tu.

Kwa hiyo yapo yanayochuja upesi na yapo yasiyochuja, na huenda nyumba yako imekupa zaidi ya unavyojua. Mexico, serikali ilipowawekea maskini sakafu za saruji badala ya udongo, watoto walipungukiwa na minyoo na maradhi ya kuhara, na mama zao walionyesha dalili chache za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Hapa jirani, Rarieda katika Siaya, Kenya, kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liligawa fedha bila masharti kwa kaya zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za nyasi. Baadhi walinunua mabati. Waliopokea walipata unafuu wa kweli wa moyo. Lakini watafiti wale wale, Johannes Haushofer na wenzake, waliona pia kwamba majirani ambao hawakupata kitu walipungua kuridhika na maisha yao, ingawa hawakupoteza hata shilingi. Waliona tu mabati ya wenzao yaking'aa. Soma tena sentensi yako kuhusu majumba ya Kange. Makorora, mkiwa wapangaji wa ua mmoja, ulijipima na nani? Umehama mahali ulipokuwa mwenye hatua, ukahamia mahali ulipo wa mwisho kwenye mstari, na nyumba ni ile ile.

Sasa kuhusu hodi.

Katika yote tuliyojifunza kuhusu kinachodumu, watu ndio wanaojitokeza mara nyingi kupita chochote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulioanza mwaka 1938 uliwafuata wanaume 724 tangu ujana, wengine wasomi wa chuo na wengine watoto wa mitaa maskini ya Boston, na unaendelea hadi vizazi vyao. Robert Waldinger anayeusimamia anaeleza kwamba kilichotabiri vizuri nani atafika 80 akiwa mzima ni jinsi alivyoridhika na mahusiano yake akiwa na miaka 50, kuliko hata kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Lazima niseme walikuwa wanaume weupe wa Marekani, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi moja kwa moja kipi kimesababisha kipi, maana mtu mwenye moyo mchangamfu huwapata marafiki kwa urahisi. Hata hivyo yanayosemwa pale yanapatana na yanayoonekana kwingine kwingi, na sababu yake inaeleweka: dari ni ile ile kila siku, mtu hajawahi kuwa yule yule. Kila akija ana jipya, ana shida, ana kichekesho, anakuhitaji. Hisia hazipati nafasi ya kumzoea.

Uani Makorora ulikuwa unazungumza na watu wangapi kabla ya saa nne asubuhi? Anayeomba chumvi, anayekuachia mtoto, anayekuuliza mbona jana hukutoka. Hukuwaita, na pengine baadhi walikuchosha. Siku ya kuhama mlipakia vitanda na masufuria, na hao hawakupakiwa. Umepata nyumba na umepoteza mtaa kwa wakati mmoja, na nyumba ikabebeshwa kazi ambayo mtaa ndio uliokuwa unaifanya. Kuhusu shoga yako, simjui, na kicheko cha kwenye samaki hakinielezi akifika kwake analala vipi. Lakini najua kuwa mpaka adhuhuri ameshabishana, ametaniana na kupatana bei na watu wengi kuliko unaozungumza nao wewe wiki nzima ukiondoa wanafunzi.

Na mama. Alikuwa hai karibu kipindi chote cha ujenzi, nadhani alikuwa akiulizia mmefika wapi. Miezi minne kabla ya kuhama ni muda mfupi mno. Shughuli za khitma na arobaini huisha, huzuni ina kalenda yake, na wewe hukuipa nafasi kwa sababu kulikuwa na mafundi wa kuwasimamia. Sina shaka kwamba kwenye ule ukimya wa Kange unamsikia zaidi. Mtu anayeomboleza akiambiwa ana upungufu wa shukrani, anafunga mdomo, na huzuni iliyofungwa hukaa muda mrefu. Simpingi ustadhi juu ya thamani ya shukrani. Hata kwa vipimo vya kitaalamu, Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 walionyesha kwamba watu walioandika mara kwa mara mambo wanayoyashukuru walijisikia nafuu kuliko walioandika kero, ingawa nafuu yenyewe ni ya kiasi. Kosa ni kuifanya shukrani ishindane na huzuni. Unaweza kumshukuru Mungu kwa nyumba asubuhi na kumlilia mama jioni ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ama furaha ya akhera, hiyo ni ya wanazuoni kuizungumza. Mimi naishia upande huu.

Basi urudi Makorora? Ushauri wangu: usiamue sasa. Daniel Gilbert na Timothy Wilson wametumia miaka mingi kuonyesha jinsi tunavyokosea kukisia hisia zetu za kesho. Tunaliona jambo moja kubwa tunasahau mengine yote yatakayoendelea kuwepo, na tunadhani raha au maumivu yatadumu kuliko yanavyodumu. Ndivyo ulivyokosea kuhusu kuhamia Kange, na kosa hilo hilo linakungoja kwenye kurudi. Makorora unayoikumbuka ilikuwa na mama ndani yake, na ilikuwa na ndoto ya nyumba. Ukirudi utakuta ua, choo cha foleni na kodi, na wapangaji wengine huenda wamekwishahama. Kuna mkopo pia. Na kuna mume, ambaye katika barua yako yupo kwenye ujenzi lakini sioni popote kwamba umemweleza haya.

Kabla ya kuhamisha kitanda, rudisha watu. Kikoba chako kibaki Makorora, usihamie cha mtandaoni. Misiba na maulidi ya kule nenda kama mtu wa kule. Chagua alasiri moja ya wiki iwe ni ya kwenda huko, na usingoje moyo ukutume, maana ukiwa chini moyo hautumi. Unaanza mwili kwenda, hisia hufuata nyuma baada ya wiki kadhaa, na hili ni mojawapo ya mambo ambayo sisi watabibu tunayatumia kliniki kila siku. Ramadhani ijayo futurisha wenzio wa ua ule hapo Kange, waione nyumba waliyokuwa wakiisikia miaka yote.

Na Kange kwenyewe, mtu wa kwanza kupiga hodi uwe wewe. Sahani ya vitumbua hufungua geti lolote Tanga hii, na mwenye jumba kubwa mara nyingi naye amekaa ndani akisubiri aanzwe. Kama ukuta wenu hauna baraza, mwombe fundi awajengee nje, upande wenye kivuli jioni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mliyokwisha kutumia, na sehemu ya kukaa inayoonekana kutoka barabarani hufanya kazi ambayo seti ya makochi ndani haiwezi kuifanya. Fanyeni haya kwa dhati kwa mwaka mmoja. Ukifika mwisho wake na bado Kange inakuwa kama ugenini, kuipangisha na kurudi hakutakuwa kushindwa. Nyumba itakuwa inawalipia kodi, na mtakuwa mmejua mnachokifuata.

Jambo moja la kujihadhari nalo: acha kujipima. Iris Mauss na wenzake mwaka 2011 waligundua kwamba watu waliofanywa waione furaha kuwa jambo la thamani kubwa mno walifurahi kidogo kuliko wenzao walipopewa kitu cha kufurahisha, maana walijikuta wakitarajia zaidi. Ukienda Makorora kisha njia nzima ya kurudi unajiuliza kama umefurahi, utaiharibu safari.

Sasa nije kwenye yaliyonifanya nisome barua yako mara ya pili: kuamka saa kumi usiku na usingizi usirudi, na ule wali wa Ijumaa. Kuzoea nyumba mpya hakumnyimi mtu usingizi wala hakumwondolei ladha ya kitu alichokipenda miaka yote. Hayo yanaweza kuwa huzuni ya msiba. Yanaweza pia kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa wenye matibabu, na mtu anaweza kuugua akiwa na imani thabiti, ndoa nzuri na nyumba ya vigae. Kipimo tunachoanzia nacho ni hiki: kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo uko chini au vitu havikupi raha tena, pamoja na mengine kama usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu usio na kazi, kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kutuliza akili, au kuwaza kifo. Ukijiona humo, hayo yote niliyosema kuhusu baraza na kikoba bado yana faida, ila peke yake hayatoshi.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uulize huduma za afya ya akili, au anzia kituo cha afya kilicho karibu waandike rufaa. Mweleze daktari mambo yote pamoja, si usingizi peke yake. Kwa umri wako aulize pia kuhusu hedhi, maana miaka ya kuelekea kukoma hedhi huvuruga usingizi na hisia za wanawake wengi, na apime damu yako pamoja na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi pole pole huweza kujivika sura ya huzuni. Kama ni sonona, utapewa mazungumzo ya tiba, dawa, au vyote viwili. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, hazimfanyi mtu teja kama inavyosemwa mitaani, na haziachwi ghafla bila daktari. Mazungumzo nayo si porojo: Harare, Zimbabwe, bibi wa mitaani waliofundwa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati walijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na Dixon Chibanda, na baada ya miezi sita waliokaa nao walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Dua na kisomo endelea navyo. Havigombani na kliniki.

Kama kati ya usiku hizo za saa kumi umewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri usiamke, au umefikiria kujidhuru, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mume wako usiku huo huo umwambie kwa maneno ya wazi, usibaki peke yako, na mfike hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Kama hujafika huko, mwambie hata hivyo wiki hii, na aende nawe Bombo. Wagonjwa wangu wengi wanaokuja na mtu wa nyumbani huwa wanarudi mara ya pili, na mara ya pili ndipo matibabu yanapoanza hasa.